Pikapu Isiyosikia Kugongwa

Najua juma zima mmekuwa na ule mlio masikioni. Wengine mmeniandikia kuuliza kilichovunjika ni kioo au ni mkono, na mama mmoja amenisema vibaya kabisa kwa kuwakatisha palepale getini. Haya, nimekubali lawama. Vilivunjika vyote viwili.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: Fundi Vioo alikuwa akirudi nyuma na pikapu yake mpya kwenye geti la mteja, asubuhi ya Ijumaa. Mkewe alikuwa nyuma kwa miguu, ameshika ncha ya kioo kirefu ili kisiyumbe. Pikapu haikusimama. Kioo kikamwagika chini vipande, na kiganja cha kulia cha mkewe kikabanwa kati ya kichanja cha chuma cha kubebea vioo na nguzo ya geti.

Mke huyo mtaani wanamwita Mama Almasi. Hana mtoto wa jina hilo. Jina limetoka kwenye kile kijembe chenye ncha ya almasi anachokatia vioo. Fundi hupima, hubeba, hufunga na hupokea sifa, lakini anayekata ni mkewe. Hukata kwa mkono huohuo wa kulia, mstari mmoja, bila kurudia. Mkono ule ukifa, karakana nayo imekufa.

Saa nne Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, shati limelowa damu isiyo yake. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa kwa kishindo.

"Yuko wapi mdogo wangu?"

"Ndani. Wanamsafisha jeraha."

"Mkono upi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nimekuuliza mkono upi, shemeji."

"Wa kulia."

Aliyeuliza akakaa bila kutazama anakokaa. Huyu ni kaka mkubwa wa Mama Almasi, nasi tutamwita Shemeji, fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu wa mikono mizito na maneno ya kuhesabu. Ile pikapu yao ya zamani aliitunza yeye miaka kumi na sita, na siku ilipouzwa hakuja kuiaga.

"Hakugonga?" akauliza.

Swali hilo linataka maelezo, nami nitayatoa mbio mbio. Miaka yote hiyo kumi na sita, Mama Almasi alikuwa akisimama nyuma ya gari na kuzungumza na mumewe kwa kiganja. Kofi moja kwenye bati, simama. Makofi mawili, njoo. Matatu, vuta mbele. Pikapu ya zamani ilikuwa debe tupu, kila kofi lilimfikia Fundi mpaka kwenye mgongo wa kiti. Hawakuwahi kupigiana kelele kazini, na majirani walikuwa wakisema ndoa ile imedumu kwa sababu anayepigwa ni gari.

"Sijui kama aligonga," Fundi akajibu. "Mimi sikusikia kitu. Wewe umewahi kukaa mle ndani milango ikiwa imefungwa? Ni kama umeingia mtungini."

"Pikapu ya kazi imezibwa masikio."

"Ndilo toleo jipya hilo."

"Jipya, jipya. Si tulikwambia?"

Walimwambia, tena kwa pamoja. Waliotengeneza pikapu ile waliamua safari hii kuwafurahisha watu wa safari na sherehe. Wakarefusha chumba cha abiria ili wa nyuma wakunjue miguu kwa starehe, na urefu huo wakaukata kwenye sehemu ya mizigo. Shubiri mbili zikapotea hivihivi. Kuta za nyuma wakazinyanyua, mpaka Mama Almasi aliyekuwa akifikia mzigo kwa kuegemea tu, sasa anapanda kigoda. Swichi zote wakazing'oa na kuweka skrini, na skrini yenyewe haitaki vidole vyenye pati ya kubandikia vioo. Mtaani wakaibatiza Bwana Harusi, kwa kuwa inapendeza na haitumwi.

Fundi alicheka pamoja nao, na moyoni akaungua. Angemwambia nani? Yeye ndiye aliyeiuza ya zamani huku mkewe akimsihi. Yeye ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba ya kale si dhahabu, ya kale ni kutu. Mtu akishatamka maneno kama hayo, harudi mwezi haujaisha kusema ameingizwa mjini. Majuto ni mjukuu, na kwa Fundi mjukuu alikuja harusi haijaisha.

"Lakini ngoja," Shemeji akasema. "Hii si ndiyo ile inayosimama yenyewe? Uliileta mpaka kwangu. Ukasimama nyuma yake, ukaniambia nirudi nyuma nisiogope. Ikashika breki hata sijagusa."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa leo imekuwaje?"

Fundi akapangusa uso kwa kiganja. Hapa ndipo, wasomaji wangu, alipoanza kujichimbia kaburi kwa kijiko.

"Leo haikushika," akasema. "Wametuuzia gari bovu, shemeji."

Shemeji akainuka palepale, simu sikioni.

"Ni kampuni ya magari hapo? Sikiliza, dada. Gari lenu limemponda mdogo wangu mkono. Nataka fundi wenu hapa hospitali sasa hivi, na vyombo vyake vyote. Asipofika naileta hiyo pikapu na damu yake mlangoni kwenu, na watu wa magazeti nitawaita mimi mwenyewe."

"Shemeji, hayo yangesubiri kwanza."

"Yasubiri nini?"

Fundi akajipangusa shingo. Kwa mara ya kwanza toka asubuhi, jasho lake lilikuwa la kitu kingine.

Haikupita nusu saa, akafika mwanamke wa makamo amevaa ovaroli ya kampuni, kompyuta ndogo kwapani. Akatoa pole kwa adabu, akaomba kuonyeshwa gari. Pikapu ilikuwa uani, kwa kuwa Fundi alimkimbiza mkewe kwa hiyohiyo. Kichanja kilikuwa kimetokeza nyuma, na vipande vya kioo vilikuwa bado vimenasa kwenye kamba.

Mwanamke akaingia, akachomeka waya chini ya usukani.

"Gari hili linaandika," akasema bila kuinua macho. "Mwendo, breki, mlango uliofunguliwa. Halisahau."

"Kila kitu?" Fundi akauliza.

"Kila kitu, mzee."

"Mimi nakwenda kunywa maji."

"Utakunywa baadaye," Shemeji akasema. "Kaa hapa usikie wanavyotuibia."

Mwanamke akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akawatazama wote wawili, na akamchagua Shemeji wa kumwambia.

"Kinga ya nyuma haina ubovu."

"Haina ubovu na mtu amepondwa?"

"Haina ubovu, ila leo haikuwa kazini. Imezimwa."

"Imezimika, unataka kusema."

"Imezimwa, kaka. Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mtu ameingia kwenye skrini. Gari likamuuliza ana hakika, akabonyeza ndiyo. Likamuuliza mara ya pili. Akabonyeza ndiyo."

Shemeji akageuka polepole.

"Jumanne nani alikuwa na gari?"

Fundi akaitazama kamba ya kichanja.

"Ni kichanja," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Ulinifungia Jumatatu, unakumbuka. Sehemu ya mizigo fupi, kichanja kimetokeza nyuma. Hizo kinga zinakiona ni ukuta. Jumanne nilikwenda ghalani peke yangu kuchukua vioo. Kila nikirudi nyuma, linalia na linashika breki. Mara ya kwanza nikavumilia. Mara ya pili nikavumilia. Mara ya tatu lilishika kwa nguvu mpaka kioo kikapasuka. Watu wa ghala wananicheka. Nikasema nizime tu, niondoke zangu."

"Ukamwambia mkeo?"

"Nilitaka kumwambia."

"Ukamwambia?"

"Hapana."

Mwanamke wa kampuni akachomoa waya wake, akauzungusha vizuri, akaondoka na pole ya pili iliyokuwa fupi kuliko ya kwanza.

Mlidhani Shemeji atampiga. Nami nilidhani hivyo. Aliukunja mkono, akautazama, akaukunjua.

"Nipe ufunguo," akasema.

"Unakwenda wapi?"

"Naiondoa hii hapa kabla mdogo wangu hajaiona dirishani. Na nikiendelea kukutazama nitakosa adabu. Wewe ingia ndani ukamwambie, kwa mdomo wako. Nikirudi nikakuta hujamwambia, nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema taratibu."

Wodini Mama Almasi alikuwa amelazwa chali, mkono umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya mto. Midomo ilikuwa imemkauka. Muuguzi alikuwa upande wa pili, akitengeneza chupa ya maji ya dripu. Fundi akavuta kiti. Njiani alikuwa amepanga maneno yote, la kwanza mpaka la mwisho.

"Umekula?" mkewe akamuuliza.

Maneno yote yakayeyuka.

"Usinifikirie mimi," akasema.

"Nisamehe, mume wangu."

"Nikusamehe nini tena?"

"Sikugonga."

Fundi akasogeza kiti karibu.

"Nguzo niliiona," Mama Almasi akaendelea, taratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Niliiona mapema kabisa. Lakini mikono yote miwili ilikuwa kwenye kioo. Nikasema nikiachia mmoja kugonga, kitayumba. Na ya nini kugonga, gari si litasimama lenyewe? Wewe mwenyewe ulinionyesha. Ulisimama nyuma yake uani, ukaniambia, mke wangu, kuanzia leo umestaafu kupiga mabati."

Nitawaambia ukweli kuhusu Fundi, hata kama mtamchukia. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa furaha. Hakugonga. Kumbe masikio yangu hayana kosa. Furaha hiyo ilidumu kwa kufumba na kufumbua, kisha akajiona mchafu toka utosini mpaka unyayoni.

Sema sasa, Fundi. Najua na ninyi mnamwambia hivyohivyo, wengine mmesimama. Mwanamke amejitwika kosa lisilo lake, kilichobaki ni kumtua.

"Pumzika," akasema. "Usijisumbue na hayo."

"Ila kuna kitu sikielewi. Lilikuwa na nini hata lisisimame?"

"Sijui."

Mama Almasi akageuza uso, akamtazama.

"Hujui."

"Sijui, mke wangu. Mambo ya umeme haya."

"Miaka yote hii sijakusikia ukisema hujui jambo la gari. Hata usilolijua huwa unalieleza nusu saa."

Muuguzi akajizuia kucheka. Mama Almasi hakuwa anatania. Alikuwa anamtazama mumewe kama anavyotazama kioo kilicholetwa kutoka ghalani, akitafuta ufa.

Kabla hajaendelea, daktari akaingia na karatasi mkononi.

"Mama, nitasema haraka kwa sababu muda ni mchache. Vidole viwili damu haifiki. Tunakufungua sasa hivi. Nikikuta vinaokoleka, nitavishona, ni kazi ya saa nyingi na ina hatari yake. Nikikuta ni vigumu, heri kuvitoa ili kiganja kingine kipone. Kuna mahali katikati ambapo mtu lazima achague, na wewe utakuwa umelala. Nataka mtu mmoja akae nje ya mlango, nije nimuulize yeye. Huyu ndiye mume?"

"Ndiye," Fundi akasema, akapokea kalamu.

"Ngojeni kwanza," Mama Almasi akasema. "Niitieni kaka yangu. Atakaa yeye."

Daktari akamtazama Fundi, Fundi akatazama sakafu. Muuguzi akatoka. Akarudi peke yake.

"Kaka yako hayupo. Mlinzi anasema ameondoka na pikapu, hakusema anakwenda wapi. Simu yake inaita tu."

"Tutamsubiri."

"Mama," daktari akasema, "vidole havisubiri. Nakupa dakika tano, na hizo tano naziiba."

 Daktari akaitazama saa ya ukutani. Mama Almasi alifumba macho, na ikaonekana wazi kwamba angezila dakika hizo zote akimngojea kaka yake, na vidole vyake vikifa hapo kwenye mto.

"Nilizima mimi," Fundi akasema.

Daktari hakuelewa. Muuguzi hakuelewa. Mtu mmoja tu alielewa mle chumbani, na hakufumbua macho.

"Lini?"

"Jumanne. Kwa ajili ya kichanja. Lilikuwa linashika breki ovyo."

"Jumanne." Akatulia, kama anayepima kabla ya kukata. "Jumatano nilikuuliza gari linakwendaje na kichanja chake. Ukaniambia safi."

"Ndiyo."

"Jana jioni tunapakia. Nani aliniambia kesho nitembee nyuma nishike ncha ya kioo?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua limezimwa."

"Nilikuwa najua. Niliona aibu, mke wangu. Nimekubishia sana juu ya gari hili. Ningeanzaje kukwambia halifai, na mwezi bado?"

"Kwa hiyo ukaona heri nisimame mimi."

"Hapana. Wallahi sikufikiri hivyo. Nilijua utagonga."

Mama Almasi akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, ila sauti ilikuwa kavu.

"Na mimi nilijua litasimama," akasema.

Akamgeukia daktari.

"Twendeni."

"Karatasi bado, mama. Niandike jina la nani, kwenye nafasi ya ndugu?"

"Andika hakuna."

"Mumeo si huyu hapa?"

"Namwona. Andika hakuna."

Daktari akasitasita. Kisha akaandika mwenyewe, akamwekea karatasi chini ya mkono wa kushoto. Mama Almasi akatia sahihi iliyopinda kama ya mtoto anayeanza shule. Kitanda kikasukumwa. Fundi akakifuata mpaka kwenye ule mlango mpana usio na kitasa, na hapo muuguzi akamwekea mkono kifuani, kwa upole tu. Mlango ukajifunga.

Akakaa kwenye benchi. Akampigia Shemeji mara nne, na mara nne simu ikaita mpaka ikachoka. Alitaka kuomba dua, akaona haya hata hapo. Siku zote hizo aliiogopa aibu kuliko kitu kingine chochote, na sasa ilikuwa imekaa naye kwenye benchi, hakuna mwingine.

Hakujua ni muda gani ulipita. Mlango ukafunguka ghafla, daktari akatokeza amefunikwa mdomo na pua, glovu zina damu, mikono ameinua juu ili asiguse kitu.

"Nani wa huyu mama? Nimefika pale pagumu. Kidole kimoja naweza kukijaribu, lakini moyo wake haupendi dawa ya usingizi. Nikiendelea ninaweza kumpoteza yeye. Nikikitoa, ndicho alichoniambia anashikia kijembe chake. Nataka jibu sasa hivi, sio baadaye."

Muuguzi aliyekuwa mezani akaifunua karatasi, akasoma, akaona haya kuisema kwa sauti.

"Imeandikwa hana mtu, daktari."

Ukumbi wote ulikuwa mtupu, isipokuwa mwanamume mmoja mwenye shati la damu.

Fundi akasimama.